Regyuleta inachoma kidole: ninavyoipoza hapa Dodoma

Novemba moja niliua mayai 49 ya bibi wa watu kwa sababu ya kidude chenye miguu mitatu.

Bibi huyo anafuga kuku wa kienyeji Nkuhungu. Aliniletea sanduku la mbao lenye taa ndani, akataka niligeuze mashine ya kutotolesha vifaranga: lipashe lenyewe, lizime lenyewe, limwonyeshe joto kwa tarakimu. Nikamtengenezea. Balbu mbili za gari za volti 12, feni ndogo ya volti 5, rilei moja (swichi inayovutwa na umeme), Arduino Nano, yaani kibodi cha kompyuta ndogo ya kuamrisha vyote, na kioo cha maandishi. Vyote vya volti 5 nikavilisha kwa 7805 moja, regyuleta ya miguu mitatu ya kushusha volti ziwe 5, iliyokuwa inakula kwenye betri yake ya sola. Nikaiwasha usiku kucha kwenye fremu yangu Majengo, joto likasimama 37.6 bila kuyumba. Asubuhi nikapokea hela yangu.

Wiki ya pili akaja. Nikamwamkia, akaitikia, akajivutia stuli.

"Mwanangu, mashine yako inasinzia mchana."

Nikamuuliza inasinziaje. Akasema ikifika saa nane kioo kinazima na feni inanyamaza, kisha baada ya dakika chache vinarudi, halafu tena, halafu tena, mpaka jua lipungue. Usiku haina neno. Nami, bila kunyanyuka kwenye kiti, nikamwambia betri yake imechoka. Mpaka leo jibu hilo linaniuma kuliko mayai yenyewe.

Siku 21 zilipotimia, kwenye mayai 60 walitoka vifaranga 11. Hapo ndipo nilipokwenda. Saa tisa mchana, chumba cha bati kisicho na dari, boksi la plastiki jeusi nimelifunga mwenyewe skrubu nne. Nikalifungua, nikagusa ile 7805, nikaruka.

Kilichotokea hakikuwa uchawi wala betri. Ilikuwa hesabu ambayo sikuipiga. Nakuonyesha hapa namna ya kuipiga kabla hujashika chuma cha kulehemu, na cha kufanya jibu likija baya.

Zile volti nyingine zinakwenda wapi?

7805 na ndugu zake (7809, 7812, LM317) hawana ujanja mwingi. Ukiipa volti 12 nawe unataka 5, inabaki na 7 mkononi, na haina pa kuzipeleka isipokuwa kuzigeuza moto palepale. Hesabu yake ni fupi: volti zinazoingia, toa zinazotoka, zidisha kwa ampea za mzigo. Jibu ni wati za moto.

Namba ya pili watu wengi hawaijui. 7805 ya gamba la kawaida, lile lenye bati lililotobolewa mgongoni, ikiwa tupu bila kitu cha kuipoza, chipu yake hupanda nyuzi kama 65 juu ya hewa iliyoizunguka kwa kila wati moja. Si gamba, ni chipu iliyo ndani. Kikomo chake cha kazi ni nyuzi 125. Ikivuka hapo na kukaribia 150 inajifungia yenyewe ili isife, ikipoa inafungua, ikichemka inajifunga tena. Huko ndiko kusinzia alikokuwa anakuona bibi, na neno alilotumia lilikuwa sahihi kabisa.

Sasa weka hewa ya kwetu. Vipimo vya kwenye karatasi za kiwandani hupigwa kwa hewa ya nyuzi 25. Dodoma mwezi wa Oktoba na Novemba, chini ya bati, ndani ya boksi, anza na 45. Wati moja tu: 65 kujumlisha 45 ni 110. Bado iko salama. Wati moja na nusu: imeshavuka 140. Kwa hiyo kanuni yangu ya fremu ni hii: 7805 tupu, wati moja, basi. Zaidi ya hapo lazima kuna kitu ukifanye. (Na tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar kwa karibu asilimia 10, kwa hiyo hata kupoza kunapungua kidogo. Mimi siipigii hesabu hiyo, naacha tu nafasi.)

Rudi kwa bibi. Mzigo ulikuwa ampea 0.41: feni 0.25, rilei 0.07, Nano na kioo na kihisi 0.09. Mchana paneli inachaji, betri inapanda mpaka volti 14.2. Toa 5, inabaki 9.2, mara 0.41, karibu wati 3.8. Nilikuwa nimeifunga hitisinki, yaani bati la kuipoza, ile ndogo ya kubana, ambayo kwa kila wati hupanda nyuzi kama 20. Jumlisha 5 za kati ya chipu na bati la mgongoni, na 2 za pale yanapogusana makavu bila grisi. Ni 27 kwa wati. Mara 3.8, nyuzi 102 juu ya hewa. Hewa ya ndani ya boksi niliikuta 50. Jibu 152.

Usiku je? Betri imeshuka kwenye 12.4, moto ni wati 3, hewa nyuzi 26. Inafika 108 na kuendelea na kazi. Ndiyo maana kwangu ilifaulu mtihani: niliijaribu usiku.

Kulikuwa na kosa la pili juu ya hilo. Balbu nilizifunga kwenye mguu wa rilei unaobaki umeunganishwa rilei ikiwa haina umeme, nikijiona mwerevu kwamba chombo kikifa mayai yasipate baridi. Sasa 7805 ikijifunga mchana, feni inasimama na balbu zinabaki zinawaka. Mayai yalichemka.

Pima kwanza, acha kukisia

Ampea za mzigo usizisome kwenye maelezo ya muuzaji. Kata waya unaoingia kwenye regyuleta, uweke mita katikati: waya mwekundu wa mita uhamishie tundu la 10A, swichi kwenye ampea za DC. Washa kila kitu kwa pamoja, rilei zote zimevuta, kioo kinawaka, feni inazunguka. Soma. Kisha, kabla hujafanya jambo lingine lolote, rudisha waya mwekundu kwenye tundu lake. Mtoto wa dada yangu aliusahau pale, akaenda kupima volti za betri, na waya za mita zikamyeyukia mkononi.

Volti nazo pima zikiwa kwenye kilele. Betri ya sola si ya volti 12 hata siku moja. Saa sita mchana inaweza kufika 14.4. Transfoma ya volti 12 ndiyo inadanganya watu zaidi. Ikipita kwenye dayodi nne na kapasita, inatoka kama volti 15 na nusu, na bila mzigo hupanda hata zaidi. Ukitaka 5 kutoka TANESCO nunua transfoma ya volti 9. Itakupa kama 11, na ule moto wa volti 4 na zaidi unakuwa hujauzalisha kabisa.

Joto lenyewe: mita za bei ndogo zenye waya wa kupimia joto zinatosha. Bana ncha yake kwenye bati la mgongoni, subiri dakika kumi, kisha ongeza nyuzi 5 kwa kila wati upate joto la chipu. Ukiwa huna, kidole kinasema kitu. Ukiweza kukibakiza pale bila shida, uko chini ya 50. Ukiweza kwa sekunde moja mbili ukakitoa, ni kwenye 60. Tone la mate likichemka, iko 100, na usiniulize nimejuaje.

Punguza kazi kabla ya kununua bati

Mtu akiona regyuleta inachoma, wazo la kwanza ni hitisinki kubwa. Mimi naanza upande mwingine: kuna ulazima gani wa mzigo huu kupita kwenye volti 5?

Feni ya bibi niliibadilisha na ya volti 12, nikaifunga moja kwa moja betrini. Rilei nayo nikaweka ya volti 12, inayovutwa na transista ndogo BC547 ambayo Nano inaiamrisha, na dayodi ya kinyume kwenye koili. Usiisahau dayodi hiyo, maana rilei ikiachia inarusha volti za kuua transista. Kwenye 5 ikabaki Nano, kioo na kihisi: ampea 0.09. Zidisha kwa 9.2, ni wati 0.8. Kutoka 3.8 mpaka 0.8, na nilichonunua ni feni moja na rilei moja.

Vijana wa chuo wananiletea kosa hilohilo likiwa na sura nyingine. Arduino Uno, chaja ya volti 12 kwenye tundu la pembeni, na bodi ya rilei nne za bluu zinazokula mguu wa 5V. Kila rilei ni ampea 0.07. Nne zikivuta pamoja ni 0.28, mara volti 7, karibu wati 2 kwenye kile kiregyuleta kidogo kilicholala juu ya bodi, ambacho hata pa kufunga hitisinki hakina. Kinapozwa na shaba ya bodi tu. Halafu wanasema programu inajirudia mwanzo yenyewe. Lisha rilei kwa njia yake, uunganishe hasi kwa hasi, na Uno uiachie akili tu.

Njia nyingine ni kugawana moto. Rezista ya udongo, ile nyeupe ya mstatili ya wati 5, ikitangulia mbele ya 7805 inabeba sehemu ya mzigo, na yenyewe haiogopi kuungua. Kwa mzigo wa ampea 0.5, omu 6.8 inashusha volti 3.4 na kuchukua wati 1.7. Angalia upande wa chini pia: 7805 inahitaji volti 2 zaidi ya inazotoa, yaani isipungukiwe na 7. Betri ikishuka kwenye 11, baada ya rezista zinabaki 7.6, bado inapumua. Omu 10 ungeikaba. Na ile kapasita ya kuingilia ikae baada ya rezista, karibu na mguu wa regyuleta.

Usifunge 7805 mbili sambamba ukidhani zitasaidiana. Hazitoki na volti zilezile kabisa. Ile iliyo juu kidogo inabeba mzigo wote mwenzake akiangalia. Gawa mzigo: hii ilishe vile, ile ilishe hivi.

Hitisinki ya fundi wa madirisha

Ukishapunguza ulichoweza na bado uko kwenye wati 2 au 3, ndipo utafute alumini. Hapa mjini hakuna haja ya kuagiza Kariakoo. Tangu Serikali ihamie huku na nyumba zikaanza kuota kila kiwanja, mafundi wa madirisha ya alumini wamejaa mitaani, na vipande vya kukatia wanavirundika mlangoni. Mimi nakwenda na soda baridi moja narudi na mfuko.

Kipande cha sentimita 12 kwa 8, kikisimama wima hewani, nilikipima kikapanda nyuzi kama 10 kwa kila wati. Piga hesabu kwa wati 3: tano za chipu, moja ya maungio yenye grisi, kumi za bati, jumla 16, mara 3 ni 48. Kwenye hewa ya 45 unapata 93.

Maungio ndiyo yanayoamua kila kitu, kwa hiyo usiharakishe hapa. Alumini ya madirisha ina rangi au gamba la kiwandani. Pale tu regyuleta itakapokaa, likwangue kwa msasa mpaka chuma king'ae. Kwingine iache, rangi inasaidia kutoa joto. Toboa tundu la milimita 3, kisha tumia biti nene zaidi kuondoa ukingo wa tundu kwa kuizungusha kwa mkono. Ukingo huo mdogo usioonekana unaiinua regyuleta upande mmoja, na chini yake inakaa hewa. Paka unyevu wa kidole, bonyeza regyuleta, iinue: alama ienee bati zima. Halafu grisi nyeupe ya joto, kidogo tu, kama unavyopaka kope. Kazi yake ni kujaza vijishimo, si kuwa godoro. Watu hupaka dawa ya meno. Itafanya kazi wiki mbili, ikikauka inabaki chokaa. Skrubu ikaze ikatae, usiilazimishe. Ukizidisha, bati la mgongoni linapinda na katikati panainuka. Na miguu uilehemu mwisho, baada ya skrubu, la sivyo inabaki imevutwa na siku moja inakatika shingoni.

"Mama mdogo, nikiifunga kwenye boksi la chuma moja kwa moja je?" Mtoto wa dada aliniuliza hivyo, nami nikamrudishia swali: ni regyuleta gani? Bati la mgongo la 7805 limeungana na hasi, mguu wa kati, kwa hiyo mara nyingi haina madhara. La LM317 limeungana na volti zinazotoka. La 7905, ile ya volti hasi, limeungana na zinazoingia. Hizo mbili ukizifunga kwenye chuma kilicho hasi umechoma kitu. Zinataka kipande cha maika au kile kiraba cha kijivu katikati, na kipete cha plastiki kwenye skrubu. Kisha pima kwa mita kama kweli hazigusani.

Bodi ya kushusha volti

Mzigo ukifika nusu ampea na kupanda, kwa mfano unataka kuchaji simu kutoka betri ya sola, acha kupigana na 7805. Chukua bodi ya LM2596, ile yenye koili ya mviringo na kiboksi cha bluu chenye skrubu ya shaba. Hii haichomi ziada. Inakata umeme vipande vipande kwa kasi na koili inausawazisha. Kwa volti 5 na ampea 0.5 inapoteza kama wati 0.6, pale ambapo 7805 ingepoteza 4.6, na betrini inavuta kama ampea 0.22 tu. Muuzaji atakwambia inabeba ampea 3. Kwa joto letu mimi siivushi 2.

Kabla ya kuunganisha chochote, iwashe peke yake na mita kwenye matokeo, uzungushe ile skrubu mpaka 5.0. Inataka mizunguko mingi, mwanzo utaona kama haifanyi kitu. Ikitoka dukani inaweza kuwa inatoa volti 12, na Nano haitakuwa na muda wa kukuaga.

Ubaya wake ni kelele. Redio ya AM ikiwa karibu inakoroma, na vihisi vyenye volti ndogo vinayumba. Hapo navifunga vyote viwili: LM2596 ishushe mpaka 7.5, kisha 7805 imalizie. Kwa nusu ampea 7805 inabaki na wati 1.25, kipande kidogo cha dirisha kinatosha.

Boksi, vumbi na kapasita

Boksi liwe na matundu chini na juu. Ya pembeni peke yake hayatoshi, hewa moto inataka kupanda. Yafunike kwa wavu wa mbu, maana upepo wetu wa Agosti mpaka Oktoba unajaza vumbi jekundu hata kwenye saa ya mkononi, na vumbi ni blanketi. Mapezi ya hitisinki yasimame wima. Boksi likae mbali na bati, likae ukutani, na kama litapigwa na jua basi lisiwe jeusi.

Ikiwa 7805 inachoma na hesabu yako inasema haipaswi, tazama kapasita. Inataka ya maikrofaradi 0.33 kuingilia na 0.1 kutokea, karibu kabisa na miguu. Bila hizo, na waya mrefu wa kwenda betrini, inaweza kutetemeka kimyakimya na kupata moto hata kwa taa moja ndogo. Niliwahi kubadilisha regyuleta tatu nikizilaumu kuwa ni feki kabla sijaiona hiyo kapasita iliyokuwa imekatika mguu.

Kujaribu nako kuwe kwa saa mbaya. Boksi limefungwa, paneli inachaji, mzigo wote umewaka, saa nane mchana. Mashine ya bibi niliipeleka nyumbani kwake ikiwa na feni mpya, rilei mpya, balbu zimehamishiwa mguu wa pili, matundu kumi na mawili na grisi. Nikakaa na mita kuanzia saa sita mpaka saa kumi. Betri ilifika 14.3, hewa ndani ya boksi 41, mgongo wa 7805 ukasimama 58 na haukusogea. Bibi alileta ugali wa uwele na mlenda, akala akikitazama kioo, hakikuzima hata mara moja. Tulipokuwa tunanawa akaniuliza kama betri imepona.